Anza na daftari, kompyuta itakusubiri

Vijana wengi wa Moshi na Arusha wanaotaka kuingia kwenye fani ya mifumo ya taarifa za afya huuliza kwanza wajifunze Python au Java. Swali la kwanza liwe jingine. Ukionyeshwa kwenye skrini kwamba zahanati fulani ya Hai ilihudumia wagonjwa 412 wa nje mwezi uliopita, unaweza kuifuata namba hiyo kinyumenyume hadi kwenye mstari ulioandikwa kwa peni? Anayeweza hilo, mengine atafundishwa kazini.

Njia yenyewe ni hii. Mgonjwa wa nje anaandikwa kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya). Mjamzito yuko kitabu namba 6, anayejifungua namba 12, aliyelazwa namba 14. Mwisho wa mwezi nesi au mtunza kumbukumbu anapiga tali, anajumlisha na kujaza fomu, kisha namba zinaingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta unaokusanya ripoti za vituo vya afya, hapohapo kituoni au kwa mratibu wa MTUHA wa halmashauri. Kila hatua ina mahali pa kujikwaa.

Zoezi zuri kuliko kozi nyingi: chukua ugonjwa mmoja, kituo kimoja, mwezi mmoja. Hesabu mwenyewe kwenye daftari, soma fomu ya mwezi, kisha angalia DHIS2. Tuseme daftari linasema 38, fomu 41, mfumo 14. Ile 14 ni 41 iliyogeuzwa wakati wa kuchapa. Zile 3 za ziada huenda ni wagonjwa wa marudio waliohesabiwa kama wapya. Halafu angalia visanduku vitupu. Kwenye DHIS2 kisanduku kitupu si sifuri, na kwa mpangilio wa kawaida hata sifuri uliyoandika haihifadhiwi mpaka kipengele hicho kiruhusiwe kuihifadhi. Kwa hiyo "hakuna kifo cha mama mjamzito" na "hatukujaza" vinaweza kufanana kabisa kwenye ripoti.

Sasa Excel, ambayo utaishi nayo upende usipende. Daftarini mtoto wa miezi mitatu huandikwa 3/12. Ichape hivyo kwenye Excel uone: itageuka tarehe, 3 Desemba au 12 Machi, kutegemea mpangilio wa kompyuta. Ukishtuka na kuirudisha kuwa namba, unapata namba kama 45728 (hiyo ni 12 Machi 2025), na mtoto wako sasa ana umri wa 45728. Dawa yake: tenga safu mbili, moja ya umri, nyingine ya kipimo (siku, miezi, miaka), na uiweke safu kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa chochote. Ukibadilisha baadaye, data imeshaharibika.

Namba ya NIDA nayo ina tarakimu 20, na Excel inashika 15 tu. Ukiichapa bila vistari kwenye safu ya namba, tano za mwisho zinakuwa sifuri kimyakimya, na watu wawili tofauti wanaweza kubaki na namba moja. Faida yake ni kwamba tarakimu 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivyo unaweza kuzilinganisha na tarehe iliyoandikwa mapokezi. Namba za simu na za faili zinazoanza na 0 zinapoteza hiyo sifuri kwa ugonjwa uleule.

Kuna kosa moja ambalo mwongozo wa kigeni hautakutajia: saa zetu. Nesi anaandika "Jumatatu, saa 8 usiku". Anayeingiza data anachapa 20:00, au 08:00. Sahihi ni 02:00, na kwa kalenda ya kompyuta hiyo tayari ni Jumanne. Utalikamata kwa kutafuta akina mama "waliojifungua" kabla ya kupokelewa wodini. Wakiwa wengi, usimlaumu nesi, rekebisha fomu.

Majina usiyaamini peke yake. Mohamed, Mohamedi na Muhamed anaweza kuwa mtu mmoja, na akina John Mushi kumi wakawa watu kumi. Linganisha na tarehe ya kuzaliwa na jina la mama. Namba ya simu mara nyingi ni ya shangazi.

Kwenye programu, anza na SQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye hifadhidata: amri za SELECT, WHERE, GROUP BY, halafu JOIN. Ukiweza kuorodhesha vipimo vilivyoombwa maabara na havina majibu, umeshavuka hatua kubwa. PostgreSQL ni ya bure, na ndiyo hifadhidata inayotumiwa na DHIS2 yenyewe. DHIS2, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo, ina toleo la majaribio lililo wazi mtandaoni likiwa na data za kubuni. Lichezee hilo kwanza, kuisimika kwenye laptopu yako kutakuja baadaye.

Jifunze pia misimbo ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, walau ya magonjwa ya kila siku. I10 ni shinikizo la damu, E11 kisukari aina ya 2. Daktari akiandika E11 peke yake na famasi ikatoa amlodipine, dai la bima linaweza kurudi, kwa sababu dawa ya presha haina ugonjwa wake. B50 ni malaria ya falciparum, B54 ni malaria isiyotajwa aina. Usiandike B50 kwa kubahatisha.

Kuhusu shule, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kina shahada ya mifumo ya taarifa za afya, na taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru ni ya uzamili kwenda juu. Kwa maoni yangu, nesi anayejifunza SQL hufika haraka kuliko mtaalamu wa kompyuta asiyewahi kukanyaga wodi.

Ukitaka kujitolea hospitali ya Mawenzi au Mount Meru, barua iende kwa Mganga Mfawidhi; kwa zahanati, kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Usiende siku za mwanzo wa mwezi, maana ripoti ndiyo inafungwa na hakuna mwenye muda na wewe. Ukiingia chumba cha kumbukumbu, shikamoo kwanza, laptopu baadaye. Mama aliyekaa pale miaka ishirini anajua faili gani zimepotea na kwa nini.

Na usipige picha ukurasa wa daftari, hata kwa nia ya kujifunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufuta jina hakutoshi: "mwanamke, miaka 34, mimba ya tano, Kibosho" ukituma kwenye grupu la WhatsApp, kuna mtu atamtaja kabla hujaweka simu mfukoni.