Nilivyopata saa za kazi za kuwalea wanafunzi Kibirizi

Mtumishi wa halmashauri anatoka kazini saa 9:30 alasiri. Saa hiyo, mvulana wa kidato cha pili anayeishi Kibirizi, hapa Kigoma mjini, ameshatoka shule na anajiandaa kwenda mwaloni, maana jioni mitumbwi ya dagaa inaingia ziwani. Ukitaka kumlea kijana huyo, sharti umkute shuleni, na muda wa shule ndio muda wa ofisi. Mimi ni mpima ardhi. Mkuu wa shule moja ya kata aliponiomba nikae na vijana wake waliokuwa wakielekea kuacha masomo, swali langu lilikuwa moja tu: muda nitaupata wapi?

Wengi walinishauri nitumie likizo ya mwaka. Siku 28 zipo, na mshahara unaingia. Nilikataa. Mtoto hajengeki kwa wiki nne za mfululizo. Anakuzoea, anaanza kukueleza ya nyumbani, halafu unapotea hadi mwakani. Anahitaji mtu anayekuja kila wiki, hata kwa muda mfupi.

Basi nikaandika barua kwa Mkurugenzi, ikipitia kwa mkuu wangu wa idara, kuomba saa mbili kila Alhamisi mchana bila kukatwa mshahara wala siku za likizo. Niliambatisha barua ya mkuu wa shule. Mkuu wangu akaniita.

"Mwanangu, nikikuruhusu wewe, kesho nitawazuiaje wenzako?"

"Mama, siku za saiti sitazigusa. Saa hizo nitazifidia asubuhi, na kila mwezi mkuu wa shule atasaini karatasi ya mahudhurio iingie kwenye jalada langu."

Ile karatasi ndiyo iliyolainisha mambo. Kiongozi wa ofisi hana ugomvi na kujitolea kwako. Anachohofia ni kuulizwa mtumishi wake yuko wapi akose jibu. Kibali kilitoka masijala kwa majaribio ya muhula mmoja, kisha kikaongezwa. Ukiomba, usiridhike na ruhusa ya mdomo. Mama yule alihamishwa, na aliyekuja baada yake aliikuta barua kwenye jalada, akaendelea nayo.

Shuleni nilijifunza kuufuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo hesabu ngumu tunaziweka wiki za mbalamwezi, vijana wakiwa wamelala vizuri. Hapo ndipo tunapotoka na utepe kupima urefu wa mwembe kwa kutumia kivuli chake, na pembetatu zinaanza kuwaingia. Wiki za giza wanakuja na macho mekundu, basi tunazungumza tu: hela anayoipata anampa nani, anaogopa nini, anataka kuwa nani. Ada ya sekondari hadi kidato cha nne ilifutwa tangu 2016, na wengi hudhani hakuna tena cha kumtoa mtoto darasani. Kipo. Ni usiku mmoja wa ziwani unaolipa asubuhi, na mama nyumbani anaisubiri hela hiyo.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, vijana walilala usiku na mahudhurio yakapanda, lakini njaa nayo ikaingia majumbani. Miezi ile nilimhitaji zaidi mwalimu wa malezi na unasihi kuliko kitabu cha hesabu.

Ninachokililia ni utaratibu wa wote. Jimbo la North Carolina, Marekani, linampa mtumishi wake hadi saa 36 kwa mwaka, kwa malipo kamili, akiwafundisha au kuwalea wanafunzi wa shule za umma. Hizo hazifiki siku tano za kazi. Kifungu cha namna hiyo kikiingia kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma, mtumishi wa Kasulu au Uvinza hatategemea huruma ya mkuu wake kama nilivyoitegemea mimi.

Kwa sasa tunakwenda na barua. Afisa kilimo mmoja wa halmashauri ya wilaya amechukua nakala ya yangu. Atabadilisha siku tu, kwa kuwa Alhamisi yuko na wakulima wa michikichi Simbo.