Tope la vyoo lilivyogeuka mboji shambani kwangu

Shamba langu liko Kigamboni, kwenye kichanga ambacho ukimwagilia asubuhi, mchana kimekauka. Tope nalichukua likiwa limeshakaushwa kwenye vitanda vya mchanga vya mtambo wa maji taka ya majumbani. La viwandani silitaki hata la bure, maana metali zenye sumu kama risasi na kadimiamu haziozi.

Ushauri ulioniudhi kuliko wote ni ule wa "mwagia chokaa kwenye rundo". Chokaa huua vijidudu ikipandisha pH (kipimo cha uchachu na ualkali) hadi 12, lakini inaua pia bakteria wanaoozesha, na nitrojeni inatoroka ikiwa amonia. Ile harufu inayochoma pua ndiyo mbolea yako inayoyoyoma. Wengine husema lianike tu juani. Lakini mayai ya askarisi, minyoo ya tumboni, yana ganda gumu na huweza kukaa hai udongoni kwa miaka. Kiboko yao ni joto la ndani ya rundo.

Nachanganya toroli moja ya tope na tatu za takataka za mimea. Maganda ya mpunga matupu yaligoma: rundo lilifika nyuzi 40 na kitu za Selsiasi, likabaki hapo hapo, kwa sababu bakteria wanapata shida kuyavunja. Nilipoongeza majani mabichi na mabaki ya sokoni, likapanda hadi kupita 60. Maganda sikuyaacha, kwani yanaingiza hewa. Unyevu pima kwa ngumi, glavu mkononi: ukikamua yatoke matone mawili matatu. Yakichuruzika, hewa imekosekana na rundo litanuka mayai viza. Upana mita 2, kimo mita 1.5, rundo dogo halishiki joto.

Kazi yenyewe iko kwenye kugeuza. Wengi hukoroga tu, wakati ganda la nje, kama sentimita 20 hivi, halijapata moto wa kutosha na mayai yamo humo. Mimi nalichuna lote kwa reki, nalirundika pembeni, nalinyunyizia maji, kisha ndilo linakuwa kiini cha rundo jipya. Kiini cha zamani, chenye mvuke na utando mweupe, kinakwenda nje kulifunika. Nafuata kanuni ya Marekani ya kuozesha tope la namna hii: nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, na kugeuza si chini ya mara 5. Kipimajoto cha mkono mrefu kinunue. Baada ya hapo liache lipoe na kukomaa miezi miwili hivi. Mboji changa huunguza miche.

Kwenye shimo la mgomba au mpapai naweka ndoo ya lita 20, nikichanganya na udongo wa juu. Potasiamu yake ni kidogo, kwani nyingi huondoka na maji tope linapokamuliwa, kwa hiyo naongeza majivu shimoni wakati wa kupanda. Kwenye rundo usiyatie, yatafanya yale yale ya chokaa. Mboga za kuliwa mbichi sizipandi humo.