Siku moja maishani mwangu: Jumamosi ya baraza la vitabu, Lindi

Saa 11 alfajiri

Upepo wa kusi umevuma usiku kucha. Bati la jikoni limegonga mpaka usingizi umenitoka, na kabla sijashusha miguu kitandani nimeshaanza kumuwaza mzee wetu wa Kitunda. Anakaa ng'ambo ya pili ya ghuba. Upepo ukikaza maji huchafuka, na umri wake si wa kushindana na bahari. Leo ni siku ya baraza, tunapokutana maktaba kusoma na kujadili kitabu, na yeye ndiye msomaji wa maneno ya mhusika anayeitwa Kitunda. Tulipogawana wahusika juma lililopita alisema hiyo ni haki yake, jina la kijiji chake haliwezi kusomwa na mtu mwingine.

Kitabu chenyewe ni *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Mwandishi alizaliwa mkoa wetu huu huu, mwaka 1943, na vita anavyovisimulia, vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vilianzia vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa. Mimi nilikisoma sekondari hapa hapa kusini na sikumbuki mtu akituambia kwamba habari ile ni ya kwetu. Tulikariri dhamira, tukakariri mbinu za kisanaa, tukafanya mtihani, tukakisahau. Jambo hilo huniuma mpaka leo.

Saa 1:30 asubuhi

Nafungua maktaba. Ni vyumba viwili vilivyokuwa stoo ya korosho. Kazi ya kwanza, kabla ya kufagia, ni kupiga magoti na tochi. Mchwa hujenga njia ya udongo nyembamba kama uzi wa kushonea, inapanda mguu wa rafu taratibu, na ukiipuuza Jumatatu, Ijumaa utakuta kitabu ni jalada tu, ndani vumbi. Miguu ya rafu zetu zote imesimama kwenye makopo ya oili chafu, na hakuna rafu inayogusa ukuta. Kati yake na ukuta kiganja changu kinapita. Leo nimekuta uzi mmoja, nyuma ya vitabu vya watoto. Nimeukwangua kwa kisu na kufuata mpaka chini ya kizingiti.

Saa 2:30

Natengeneza nakala namba 3. Tuna nakala nne tu na watu wa baraza ni kumi na wanne, kwa hiyo kila nakala hukaa kwa mtu siku tatu kisha inahama. Namba 3 imerudi mgongo umeachia, kurasa nane zinaning'inia. Zamani niligandisha vitabu kwa uji wa unga wa muhogo, lakini mende wakaupenda kuliko mimi nilivyoupenda. Siku hizi natumia gundi nyeupe ya maseremala, nimeizimua kwa maji kidogo, naipaka kwa brashi ndogo ya rangi. Juu yake nalaza kipande cha kanga kuukuu, kilichofuliwa mpaka kimelainika, kinashika mgongo bila kuukakamaza. Halafu gazeti, halafu matofali mawili. Sikianiki juani, maana jua la hapa hupinda jalada kama ngozi ya samaki. Kufika saa 10 jioni kitafunguka vizuri.

Saa 4

Watoto wanaingia, wanatoka. Baba mmoja anaomba nimsaidie kujaza fomu ya mauzo ya ufuta. Wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wanarudisha nakala namba 2, safi kabisa.

Hapa niseme jambo ambalo kila anayetaka kutusaidia namwambia. Mwaka mmoja tuliletewa maboksi kumi na moja ya vitabu kutoka nje. Walioleta walikuja na moyo safi na nikawashukuru. Nilipofungua nilikuta vitabu vya sheria za kodi za nchi ya watu na miongozo ya kompyuta ambazo hazitengenezwi tena. Baraza haliendeshwi kwa wingi wa vitabu. Nipe nakala kumi za kitabu kimoja cha Kiswahili, nitakushukuru kuliko vitabu mia ambavyo kila kimoja kiko peke yake. Watu wawili hawawezi kubishana juu ya kitabu alichokisoma mmoja wao tu.

Saa 6 mchana

Bibi wa ming'oko amefika na ungo wake, amekaa kwenye baraza ya mlango ambapo kivuli cha mwembe kinaangukia. Namwamkia, ananiitikia "marahaba mwanangu," ananimenyea mmoja. Wageni huuliza ming'oko ni nini. Ni mizizi ya porini, inachimbwa, inachemshwa, unaimenya na kuila na chumvi.

Bibi huyu nilimkosea. Baraza lilipokuwa changa nilikuwa nafungua mazungumzo kwa kuuliza nani amesoma na nani hajasoma. Alikuwa ameketi mwisho kabisa, akanyanyuka taratibu kama mtu anayekwenda kuangalia biashara yake nje, hakurudi. Wiki tatu aliuza ming'oko mtaa mwingine. Hajui kusoma, na mimi nilikuwa nimemwambia hivyo mbele za watu bila kumtaja. Nilikwenda kwake Mikumbi kumwomba radhi. Hakunilaumu. Aliuliza tu: "Kwani hicho kitabu hakina sauti?"

Tangu siku hiyo tunasoma kwa sauti kwanza. Dakika ishirini au thelathini, hata kama wote wamekisoma nyumbani. Swali la nani amesoma halijarudi tena.

Saa 8

Nimekula ugali wa muhogo na kisamvu, nimerudi, nakaa na daftari kuandaa swali. Swali moja. Nilikuwa naandaa manane, na kikao kikawa kama kituo cha polisi. Siku hizi natafuta mahali pamoja kitabuni ambapo watu wazima wenye akili watatofautiana, na napaacha hapo hapo.

Leo ni karibu na mwisho. Kinjeketile yuko kifungoni. Anatakiwa aseme kwamba maji, ile dawa aliyowapa watu wakiamini itawakinga na risasi, ni uongo, anakataa, ingawa yeye mwenyewe amekuwa na shaka nayo. Je, alifanya sawa?

Naandika pia kikaratasi cha historia, kwa sababu watu huchanganya. Kinjeketile Ngwale wa kweli, wa Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza. Watu wa Nandete walikuwa wameng'oa pamba ya kulazimishwa mwezi uliotangulia tu. Yule wa tamthiliya anaishi mpaka anawaona watu wake wakiangushwa na risasi. Hussein mwenyewe anaeleza kwenye utangulizi kwamba wake ni wa kubuni.

Saa 10:15 jioni

Alasiri imeswaliwa, mikeka imetandikwa. Tuko kumi na wawili. Mzee wa Kitunda hayupo. Nimetoka nje mara mbili kuangalia njia ya bandarini.

Tunaanza. Fundi cherehani anasoma sehemu za wanawake, muuguzi anasoma askari, na Kinjeketile ni mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, kijana mpole. Tumefika ukurasa wa tatu mlango unafunguka. Mzee ameingia, kanzu imelowa mpaka kiunoni, kitabu kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni ndani ya kofia. Hakusalimia mtu kwa kirefu. Aliketi, akavaa miwani, akauliza tumefika wapi, akaanza.

Siwezi kueleza vizuri sauti ile. Mzee huyu amevua samaki maisha yake yote na hasomi kwa haraka, kila neno analikanyaga kwanza kama anayepima kina. Maneno ambayo niliyapitia shuleni bila kuyaona, kwake yalikuwa na uzito wa mtu anayewajibika kwa watoto wa wenzake.

Halafu nikauliza swali langu. Kijana wa bodaboda alikuwa wa kwanza. Alisema Kinjeketile alitakiwa akiri, kwamba mtu akikosea njia na amebeba abiria ni lazima aseme nimepotea, asiendelee kukanyaga mafuta. Muuguzi akapinga: angekiri, Mjerumani angewaambia wajukuu wote kwamba babu zao walipigana kwa sababu ya ujinga, si kwa sababu ya viboko na kodi na pamba. Wakashikana hapo. Nina utaratibu wa kwamba anayedai kitabu kimesema jambo aonyeshe ukurasa, na kwa muda sauti iliyosikika ilikuwa ya karatasi kufunuliwa. Mwalimu mstaafu alikuwa ananyoosha kidole, nikamwomba asubiri. Nimemwomba hivyo tangu mwanzo na amekubali kwa heshima: akisema yeye kwanza, wote watarudia alichosema mwalimu.

Bibi wa ming'oko alikuwa kimya na ungo wake magotini. Kisha akasema, "Nyie mnazungumzia risasi tu."

Tukanyamaza.

Akasema bibi yake mzaa mama alikuwa Mmatumbi, mtoto mdogo wakati ule. Nyumbani kwao hakuna aliyepigwa risasi. Waliokufa walikufa njaa, baada ya maghala kuchomwa na mashamba kuchomwa. Waliobaki waliingia porini kuchimba mizizi. Akainua mng'oko mmoja kwenye ungo. Hakusema kingine.

Niliongeza ninachokijua: kwamba makadirio ya waliokufa yanaanzia watu 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao ni wa njaa hiyo, kwa sababu jeshi la Wajerumani lilichoma chakula makusudi. Lakini takwimu zangu zilikuwa zimechelewa, kazi ilikuwa imeshafanywa na ule mzizi.

Na hapo ndipo lilipotokea jambo nililoliwaza mpaka usiku. Yule mwanafunzi mpole alikuwa anarudi nyuma, nyuma, mpaka mwanzo wa kitabu. Akasema, "Mwalimu, mbona njaa iko hapa?" Kweli. Tamthiliya inafunguliwa na wanawake wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda, wanazungumzia shida ya chakula kwa sababu waume wamechukuliwa kufanya kazi mashamba ya wageni. Tulikuwa tumeusoma ukurasa ule wiki mbili zilizopita tukaupita kama salamu za mlangoni, tukikimbilia vita. Mimi nimekisoma kitabu hiki mara nne. Mara zote nne niliupita.

Fundi cherehani akaomba aurudie. Akausoma wote, safari hii polepole, na hakuna aliyemkatisha. Mwalimu mstaafu alipopewa zamu alisema hana la kuongeza, angependa kwenda kukisoma upya.

Saa 12 jioni

Tunafunga kabla ya magharibi. Chai ya rangi, ming'oko ya bibi imeisha, kila mtu amenunua. Swali langu halikupata jibu, na kijana wa bodaboda na muuguzi wanaendelea kubishana mpaka kwenye pikipiki.

Bibi amebaki nyuma. Nilidhani anasubiri hela zake. Kumbe ana neno: "Yule mtoto aliyesoma Kinjeketile, sauti yake haifiki huku mwisho. Juma lijalo mpe mwingine, au mkalishe kati." Nimeandika kwenye daftari, akalie kati. Kisha akaomba kitabu. Mjukuu wake yuko darasa la sita, atamsomea. Nimempa namba 3. Mgongo umeshika.

Saa 3 usiku

Upepo haujatulia na mzee wa Kitunda amelala mjini, kwa fundi cherehani. Nimepata simu, ni kijana wa bodaboda. Anataka nakala usiku huu huu, auangalie ule ukurasa wa mwanzo. Nikamwambia namba 1 iko kwa mzee, namba 2 kwa muuguzi, namba 4 kwa mwalimu, na namba 3 iko kwa bibi Mikumbi, anasomewa na mjukuu.

"Wameshaanza?"

Sijui, nikamwambia.

"Basi napita hapo," akasema, nikasikia anapiga kiki.