Imetikisika, Nimeitikisa

Mahari ya mdogo wetu imepokelewa Jumapili na daktari amenipunguzia dawa ya presha baada ya kile kiharusi, lakini akili yangu bado iko kibarazani, Ijumaa jioni, shangazi kaishika picha yangu ya kanga kwa ncha za vidole.

"Pole, mwanangu. Imetikisika. Hata jina halisomeki."

"Nimeitikisa mwenyewe, shangazi."

"Haya. Mkono utapona, inshallah."

Ile "haya" haijanitoka. Nilitaka kumweleza kwamba mpiga picha Ernst Haas alipiga hivyo mchezo wa mafahali huko Hispania mwaka 1956, shata (pazia la kamera linalopitisha mwanga) ya polepole, wanyama na watu wakawa mikondo ya rangi. Nikanyamaza.

Kanga yenyewe ni ya kwenye kamba ya uani. Jina ndilo la kwanza kupotea: ukivuta kamera kwa kufuata pindo, shata ikiwa wazi, herufi hurefuka zikawa michirizi, ila kingo za pindo hubaki zimenyooka kama zimepigwa rula. Ukivuta kwa kukata pindo, nyekundu na kijani huvurugana zikawa tope, na hapo hata kompyuta haikuokoi.

Saa nne asubuhi, jua wazi, ISO 100 (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) na f/16 (tundu dogo la lenzi) zinataka shata ya 1/125 ya sekunde. Hiyo ni haraka mno, kitambaa kinaganda. Filta ya ND32, kioo cheusi cha mbele ya lenzi, inapunguza mwanga mara 32, unapata robo sekunde, na kwa kanga sijaona kipimo kizuri zaidi. Kwa nusu sekunde rangi hupauka, na upepo huongeza mawimbi usiyoyataka. Fokasi iwe ya mkono. Kidhibiti mtikisiko kizime, la sivyo kinapingana na mwendo wako. Na f/16 huanika kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa, kile kipande kinachonasa picha ndani ya kamera, basi safisha kwa mpira wa kupulizia, usipulize kwa mdomo, maana mate hayatoki kirahisi.

Jana usiku niliikuza ile picha mpaka asilimia 200. Vibanio vya chuma viling'aa, na kila nukta inayong'aa huchora njia iliyopita kamera. Mwanzo wa kila mstari pana kikulabu kinachozama kulia. Kitufe cha shata kiko kulia, na kiharusi kilinipiga kulia: kidole kikibonyeza, mwili wote wa kamera unashuka nacho. Kumbe shangazi aliuona mkono kweli.

Nikafungua nyingine, na nyingine. Kikulabu palepale, umbo lilelile, kama mwandiko. Nilicheka peke yangu gizani. Kinachojirudia hivyo unaweza kukipanga! Ukitaka kukiondoa, weka taima ya sekunde 2, kaza mkanda shingoni, bana viwiko mbavuni, mkono wa kushoto uibebe lenzi kwa chini, kisha zungusha kiuno. Anza kuzunguka kabla shata haijafunguka, usisimame mpaka ijifunge. Ukisita mwanzoni, utaona doa zito pale kamera ilipotulia. Ukitaka kukibakiza, zima taima, bonyeza kwa kidole hichohicho.

Leo nimepiga 60, nusu kwa nusu. Zenye kikulabu ndizo nitakazochapisha, na ya kwanza nitampelekea shangazi.

Tanki la juu linavuja tena upande wa jikoni. Fundi alisema Jumatano, na simu yake haipatikani.