Amri ya nane kwenye kiti cha saluni

Mwaka huu sikumwahidi Mungu kwamba nitaimaliza Biblia nzima, wala kwamba nitaamka saa tisa usiku kila siku kuomba. Nawaheshimu wanaofanya hivyo, na baadhi yao ni marafiki zangu wa karibu. Ila usiku wa mkesha wa mwaka mpya, kila mtu akiwa amefumba macho na kunong'ona na Bwana wake, mimi niliomba jambo moja tu: anikuze katika amri ya nane. Kwetu sisi Walutheri, kama ilivyo kwa ndugu zetu Wakatoliki, ya nane ni ile ya kutomshuhudia jirani uongo. Makanisa mengine huihesabu ya tisa.

Nimeichagua kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni msusi, nina saluni ndogo hapa Moshi. Mteja wa rasta ndogondogo hukaa kwenye kiti tangu asubuhi, na kama nywele zake ni nyingi anaondoka jua likizama. Tunamzunguka wawili au watatu, mikono iko kazini na midomo iko huru. Mengi mazuri hutokea hapo. Nimesikia wamama wakieleza misiba ambayo hawajamweleza hata mchungaji, na nimeona mteja akimfariji mteja mwenzake asiyemjua kabisa. Lakini saa zile ni ndefu, na anayezungumzwa kuliko wote ni yule ambaye hayupo. Aliyerudi kwao na mabegi. Yule ambaye duka lake limefungwa. Au mama ambaye binti yake ameacha chuo, na hakuna anayejua kwa nini, ila kila mmoja ana maelezo yake.

Nimezaliwa ndani ya imani: ubatizo wa utotoni, mafundisho ya kipaimara, kwaya ya vijana, sasa jumuiya, kile kikundi chetu cha sala. Miaka ya kukaa kanisani huongezeka yenyewe, mtu afanye bidii asifanye. Kukua ni jambo jingine. Paulo alimwandikia Timotheo, "ujizoeze kupata utauwa," yaani maisha ya kumcha Mungu, na mimi naamini mazoezi lazima yawe na mahali na yawe na kitu cha kuzoeza. Mahali pangu ni pale kwenye kiti. Kitu changu ni ulimi.

Waliopita darasa la kipaimara wanakumbuka jinsi tulivyokariri Katekisimo Ndogo, kile kijitabu cha mafundisho ya imani alichokiandika Martin Luther, ambaye sisi Walutheri tunaitwa kwa jina lake, mwaka 1529. Amri, kisha swali la maana yake, kisha jibu, na ole wako ukiruka neno. Jibu la amri ya nane nililishika utotoni bila kujua nimebeba nini. Nusu yake ya kwanza inakataza: tusimsingizie jirani, tusimsaliti, tusimharibie jina. Hiyo watu wengi tunaijua. Nusu ya pili ndiyo iliyonikamata nilipoirudia nikiwa mtu mzima, maana inatuagiza tumtetee, tumseme vizuri, na kila jambo lake tulichukue kwa upande ulio mwema. Yaani kunyamaza hakutoshi. Ukikaa kimya jirani yako akichambuliwa mbele yako, nusu ya amri bado unadaiwa.

Na lile la mwisho, kulichukua jambo la mtu kwa upande ulio mwema, ni kazi ngumu kuliko kufunga chakula. Duka la fulani limefungwa. Akili inakimbia kwenye madeni, wanaume, ushirikina. Nani anaituma ikimbilie kwenye ugonjwa wa mama yake kijijini, au kwenye uamuzi wa busara wa kufunga kabla hasara haijawa kubwa? Hakuna. Lazima uitume mwenyewe, kila mara, mpaka ianze kuifahamu njia.

Kuna barua ninayoipenda, na sababu yake mtaielewa. Mwaka 1535 kinyozi mmoja wa mji wa Wittenberg, Ujerumani, Peter Beskendorf, ambaye alikuwa akimnyoa Luther, alimwomba amfundishe kuomba. Luther angeweza kumjibu kwa maneno mawili kiti kikiwa bado kimekaliwa. Badala yake alimwandikia kijitabu. Humo anamwambia kwamba kinyozi mzuri huweka macho na mawazo yake yote kwenye wembe na nywele. Akipiga soga ovyo huku mawazo yako kwingine, anaweza kumkata mtu pua au hata koo. Sala nayo inataka moyo uliotulia hivyohivyo. Mimi niliyetumia maisha yangu nyuma ya vichwa vya watu, nilipoyasoma hayo nililia. Mwalimu mkubwa vile wa Kanisa alimfundisha mtu wa kazi yangu kuomba, kwa mfano wa kazi yangu.

Akamwonyesha njia ya kuiombea kila amri kwa nyuzi nne, kama shada lililosokotwa. Kwanza uiulize amri inakufundisha nini. Halafu ushukuru kwa ajili yake. Halafu utubu, mwisho uombe. Msusi hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo, vidole vyangu vilishaelewa.

Kwa hiyo asubuhi, baada ya kufagia na kabla sijageuza kibao cha mlangoni, naketi kwenye kile kiti cha wateja na kuusuka ule msuko. Fundisho: jina la mtu ni mali yake, na Mungu analilinda kama anavyolinda nyumba yake na ndoa yake. Shukrani: namshukuru Bwana kwa walionitetea nisipokuwepo. Nawajua wachache, nami naamini wako wengine ambao sitawajua kamwe. Hapo huwa nakawia, kwa sababu shukrani hiyo inanipa nguvu ya kuwa mtu huyo kwa mwingine. Toba naiacha kati yangu na Bwana. Kisha ombi, na hapo natumia Zaburi ya 141: "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Naita majina ya walio kwenye daftari la miadi ya siku hiyo, kisha nafungua.

Mchana ukoje? Mazungumzo yakielekea kwa mtu asiyekuwepo, nina maneno machache niliyoyaandaa mapema, kwa maana bila kuyaandaa hayaji. "Kwani dada, wewe ulimwuliza mwenyewe?" Au: "Mimi ninachokijua ni kwamba msiba wa kwetu alikesha na sisi." Au nauliza habari za mteja mwenyewe, za watoto, za mguu ule uliokuwa unamsumbua, na mara nyingi ndicho alichokuwa anakihitaji tangu mwanzo. Sihubiri. Mteja amelipia nywele, na mtu aliyeinamishwa kichwa mikononi mwako hana pa kukimbilia. Mabinti ninaowafundisha kazi wanasikiliza. Mmoja wao ameanza kuuliza lile swali la "ulimwuliza mwenyewe?" kabla yangu, na kwa adabu kubwa, hata kwa wamama waliomzidi umri mara tatu.

Niseme hili wazi, kwa kuwa amri hii imewahi kutumiwa vibaya kuwanyamazisha watu. Kumtetea jirani si kuficha uovu. Mtoto akipigwa nyumba ya pili, au mweka hazina wa kikoba akila fedha za wanachama, ukweli lazima usemwe, na usemwe kwa mwenye uwezo wa kufanya kitu: mjumbe wa nyumba kumi, dawati la jinsia pale polisi, kikao chenye vitabu vya hesabu mezani. Na aliyekukosea wewe, Mathayo 18 inakutuma kwake kwanza, "wewe na yeye peke yenu." Luther mwenyewe, katika Katekisimo Kubwa, anasema wapo ambao ni wajibu wao kusema juu ya ubaya wa mwingine: hakimu, mhubiri, baba na mama. Ubaya ukisemwa kwenye kiti cha saluni haumwokoi mtoto yule hata kidogo.

Mahali ambapo sikutarajia kazi hii ingekuwa nzito ni jumuiya. Tunakutana Jumamosi alfajiri, tunaimba, tunasoma neno la wiki, halafu mahitaji ya kuombewa. Na hapo ndipo: "Tumwombee ndugu yetu fulani, maana nasikia nyumbani kwake..." Linalofuata si ombi tena. Linasemwa kwa sauti ya huruma, macho yamefumbwa, na tukitoka pale watu kumi wanalijua. Nilizungumza faraghani na mzee wetu wa kanisa, mama ninayemheshimu sana. Alitafakari kwa muda, akasema, "Mwanangu, Mungu anazijua habari. Tumpe jina tu." Tangu hapo ndivyo anavyotuongoza: jina, na tunaomba. Sala zimekuwa fupi, na naona tunaomba zaidi.

Turudi kwa Peter, kwa sababu habari zake hazikuishia kwenye barua nzuri. Mwaka uleule, siku moja kabla ya Pasaka, alimchoma kisu mume wa binti yake akafa. Mtu aliyeandikiwa na Luther jinsi ya kuomba! Mji mzima ulikuwa na la kusema, na wangesema kweli tupu. Luther na wenzake walimwombea kwa wakuu, na badala ya kuuawa akafukuzwa mjini, akapoteza alivyokuwa navyo. Luther hakukana kwamba damu imemwagika. Alisimama upande wa mtu ambaye hakuna tena aliyetaka kuwa jirani yake. Nikiisoma amri ya nane sasa, neno "tumtetee" lina sura ya kinyozi yule, na linanidai mambo ambayo bado sina ujasiri nayo. Wapo watu wawili hapa mjini ambao majina yao yakitajwa saluni, natafuta la kusema upande wao na bado natafuta. Nimeanza kwa kuwataja asubuhi kwenye ule uzi wa nne.

Shemasi mmoja rafiki yangu ameniuliza mwakani nitachukua amri gani. Sijui kama mwakani nitakuwa nimeihama hii ya nane. Jumamosi nina bibi harusi na wasimamizi wake, vichwa sita, tangu saa kumi na moja alfajiri. Najua vizuri mazungumzo yatakakoelekea: nani hakutoa mchango, nani alitoa kidogo, mama mkwe yukoje. Majina yote sita nimeshayaandika, na la mama mkwe nimelitia juu.