Siku yangu moja Lamu, na laptopu iliyojipa namba yenyewe

Saa 12 asubuhi. Nimeshaswali, niko kwenye foleni ya mahamri na mbaazi, simu ikaita. Meneja wa gesti moja kule Shela. "Fundi, wageni wanilalia mlangoni, waifai inashika vizuri lakini intaneti hamna, wengine wanapata wengine hawapati." Nikamwambia asizime kitu chochote mpaka nifike, nikajua kabisa nikikata simu tu anaenda kuzima ruta.

Saa 2. Kwanza nifungue saiba Langoni, kuna watu wa fomu wamesimama. Printa haitoi. Hii naijua, umeme ulikatika usiku, ruta ikaamka imesahau daftari lake la nani ana namba gani, printa ikapewa namba nyingine ya IP, yaani anwani yake kwenye mtandao, na kompyuta bado zinaitafuta kwenye namba ya zamani. Tangu Ramadhani nasema nitaifungia namba moja isiyobadilika kwa kutumia ile MAC, namba ya kiwandani ya kifaa, iliyobandikwa mgongoni mwake, uvivu tu. Leo nimeifungia, dakika 3 hazikufika. Nikajitukana kidogo nikashuka mpaka jeti, pale boti zinapofunga.

Saa 4 na nusu, Shela. Maji yalikuwa yamekupwa nimeshuka na viatu mkononi. Nikafungua laptopu, waifai ikashika hapo hapo, nikaandika ipconfig, amri ya kuonyesha namba ya IP ya kompyuta, nikapata 169.254.31.7. Nikacheka, meneja akaniangalia vibaya.

Sasa hii 169.254 watu wengi wanaiona wanadhani ni namba kama namba nyingine. Sio. Hiyo ni namba kompyuta inajipa yenyewe ikishaita ikaita na hakuna aliyeitika. Ukiweka paswedi ya waifai umefunguliwa mlango tu, kupewa namba ya IP ni habari nyingine, na anayegawa ni ruta, kazi hiyo inaitwa DHCP.

Meneja akauliza kwani inagawaje, nikamwambia si unajua mgeni akishuka jeti kule mjini? Hana anapomjua, anasimama tu anauliza kwa sauti, jamani nani ana chumba? Vijana wanamjia, mmoja "mimi nina chumba namba 112", mwingine "mimi nina kingine". Mgeni anasema tena kwa sauti, nachukua cha huyu, ili wale wengine wasikie wamuache. Yule kijana anamjibu haya, ni chako, siku kadhaa. Laptopu ni hivyo hivyo, inaita watu wote kwenye mtandao kwa sababu haijui ruta iko wapi, ruta inatoa namba, laptopu inaiomba ile namba wazi wazi, ruta inakubali. Maneno manne, hata sekunde haiishi mara nyingi. Na pamoja na namba inapewa njia ya kutokea nje na wa kumuuliza majina ya tovuti.

Neno kubwa hapo ni siku kadhaa. Namba hupewi, unakodishiwa. Muda ukifika nusu kifaa kinarudi kuomba kiongezewe, na kama kimeondoka bila kuaga, namba yake inakaa imeshikwa mpaka muda uishe.

Basi nikajiandikia namba kwa mkono, 192.168.1.250, ndio nikaweza kuingia kwenye ruta (na ndio, alikuwa ameizima akaiwasha, lakini hii ya kwake daftari inalihifadhi). Nikakuta inagawa kuanzia .100 mpaka .149, yaani namba 50 basi, na muda wa kukodi siku 7. Gesti ina vyumba 9. Meneja akasema sasa 50 zimeishaje? Nikamuonyesha orodha, simu za watu waliorudi Nairobi tangu Jumapili, simu za waliokuja kula chakula cha mchana tu wakaomba paswedi, hata simu ya nahodha wa boti iko. Wote wameshikilia vyumba na hawapo! Nikapanua mpaka .240, muda wa kukodi nikaupunguza uwe masaa 4. Wageni wakazima waifai wakawasha, kimya kikaingia. Chai nikapewa, pesa nimeambiwa jioni, haya.

Saa 9 mpaka saa 12 jioni saiba, kuprinti tu, hakuna cha kusimulia.

Saa 2 usiku. Mtoto wa ndugu yangu kakaa kompyuta namba 3, kaniita. "Ami, hapa ipconfig inaniambia 192.168.1.14, lakini tovuti inaniambia IP yangu ni nyingine kabisa. Nani muongo?" Hakuna muongo. Hizo za 192.168 ni za ndani ya nyumba, zilitengwa tangu miaka ya 1990 kila mtu azitumie kwake, gesti ya Shela nayo inatumia hizo hizo. Zile za nje za aina ya zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima, na akiba kuu ya kugawia mabara iliisha 2011, kwa hiyo saiba yote inatoka nje kwa namba moja na ruta inakumbuka jibu lipi ni la nani.

Akafikiria. "Kwa hiyo mimi nikifungiwa kwenye gemu kwa utundu..."

"Mnaweza kufungiwa nyote mlio humu."

Akawaangalia wenzake wawili wa kompyuta namba 4 na 5, akafunga gemu polepole.