Jirani Aliye Karibu

Wapendwa katika Bwana,

Neno letu la juma hili linatoka Mithali 27:10, sehemu yake ya mwisho: "Afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali." Tumelizoea kama wosia wa kuishi vyema na majirani, nalo linafaa kwa kazi hiyo. Lakini ni mara chache tunamfikiria mtu ambaye ndugu zake wote wako mbali kweli, ambaye barua yake kwao huchukua miezi mingi njiani, na ambaye akisimama mlangoni pake na kutazama pande zote nne anajiambia kwamba hana jirani hata mmoja. Nimemfikiria mtu huyo siku hizi kwa kuwa nimekuwa nikisoma habari za wanawake walioondoka makwao katika karne ya 19 kwenda kuanza maisha mapya magharibi ya Marekani. Ninataka tukae kidogo na wawili kati yao, ambao walikuwa waumini kama sisi.

Wa kwanza ni Narcissa Whitman. Alizaliwa mwaka 1808 katika mji mdogo wa Prattsburgh, jimbo la New York, katika nyumba ya watu wa sala, na tangu ujana wake alitamani kuwa mmisionari. Mwezi Februari 1836 aliolewa na tabibu Marcus Whitman, aliyekuwa na wito kama wake, na ibada ya harusi yao ikawa pia ibada ya kuagana. Inasimuliwa kwamba wimbo wa mwisho ulikuwa wa kuiaga nchi ya nyumbani, na kwamba waimbaji walianza kulia mmoja baada ya mwingine hadi wote wakanyamaza, naye bibi harusi akaumalizia peke yake kwa sauti isiyotetemeka. Kesho yake waliondoka. Mwezi Julai mwaka huohuo yeye na mwenzake Eliza Spalding walivuka Milima ya Rocky, wakiwa wanawake wa kwanza wa Kizungu kufanya hivyo, na mwezi Septemba wakafika katika nchi ya Oregon. Narcissa na mumewe walijenga mahali panapoitwa Waiilatpu, karibu na Walla Walla, kati ya watu wa Cayuse, wenyeji wa nchi hiyo. Eliza na mumewe walikwenda Lapwai, kati ya watu wa Nez Perce, umbali wa karibu kilomita 200 kutoka hapo. Hebu fikiri: mwanamke pekee ambaye Narcissa angeweza kumwita dada yake katika imani alikuwa umbali wa siku kadhaa kwa farasi.

Tarehe 14 Machi 1837, siku ambayo yeye mwenyewe alitimiza miaka 29, Narcissa alijifungua binti, akamwita Alice Clarissa. Hakuwa na mama wala shangazi wa kumkanda wala wa kumwonyesha namna ya kumfunga mtoto. Ninyi mliojifungua ugenini mnajua vizuri kuliko mimi jambo hilo lina uzito gani. Hata hivyo nyumba haikuwa tupu. Watu wa Cayuse, wanaume kwa wanawake, walikuja kumwona mtoto, na mmoja wa wakuu wao, Tiloukaikt, alimpa jina lenye maana ya binti wa Cayuse, kwa sababu alizaliwa katika ardhi yao. Alice alikua akisikia lugha mbili, na kabla hajatimiza miaka mitatu alikuwa akiimba nyimbo za ibada kwa lugha ya wenyeji.

Mwaka 1838 wamisionari wengine walifika pamoja na wake zao, na wanawake hao wachache, waliotawanyika katika vituo vilivyo mbalimbali, wakaunda umoja wa akina mama. Kwa kuwa hawakuweza kukutana mara kwa mara, walipatana kuwa na saa maalumu ya kuwaombea watoto wao, kila mmoja akiwa mahali pake. Jambo hili limenigusa sana. Mwanamke anaacha sufuria motoni, anapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, akijua kwamba ng'ambo ya mito na vilima mwenzake naye anapiga magoti saa ileile. Hawaonani wala hawasikiani, lakini hakuna aliyethubutu kusema kwamba aliomba peke yake.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 23 Juni 1839. Alasiri hiyo wazazi walikuwa wamekaa wakisoma. Alice, aliyekuwa na miaka miwili na miezi mitatu, aliona kwamba wakati wa chakula unakaribia, akachukua vikombe viwili mezani akisema atakwenda kuchota maji. Waliposhtuka na kumtafuta, vikombe vilionekana vikielea mtoni. Aliyeingia majini na kumpata mtoto chini ya mto alikuwa mwenyeji mmoja mzee. Mtoto alikuwa ameshakata roho. Mama yake hakuweza kumwachilia mara moja, na zilipita siku kadhaa kabla ya kukubali azikwe.

Narcissa aliandika habari hizi kwa wazazi wake, na barua hizo zimehifadhiwa hadi leo. Kinachoumiza zaidi kwangu ni hesabu ya muda: aliandika akijua kwamba mama yake angesoma habari za msiba huo baada ya miezi mingi sana, na kwamba neno lolote la faraja kutoka kwake lingehitaji muda kama huo tena kurudi. Kwa miezi hiyo yote, huko New York bibi aliendelea kumwombea mjukuu aliyekwisha kulala kaburini. Tunaposema kwamba ndugu yuko mbali, maana yake ni hii, nayo haipimwi kwa kilomita tu.

Hapa ndipo Mithali yetu inaponihoji. Baada ya kifo cha Alice, afya ya Narcissa ilidhoofika, macho yake pia, na barua zake zikajaa upweke. Ninazisoma kwa huruma. Lakini katika barua hizohizo, mwaka 1840, anamlalamikia mama yake kwamba wenyeji wanaingia nyumbani mwake wakiwa wachafu, kwamba kila waendapo wanaacha kazi ya kusafisha, na kwamba katika nyumba mpya ni lazima watengewe chumba chao wasipite vyumba vingine. Nyumba iliyojaa watu kutwa nzima, naye yu peke yake "kama shomoro aliye peke yake juu ya nyumba," kama asemavyo mwenye Zaburi ya 102. Watu waliomwita mwanawe binti yao walikuwa mlangoni, na mmoja wao alikuwa amezama majini kumtafuta mtoto huyo. Mwanasheria mmoja alimwuliza Bwana Yesu, "Na jirani yangu ni nani?", na tumezoea kumwona kama mtu mwenye hila. Huenda swali lake ni la kweli kuliko tunavyodhani, kwa kuwa mpweke naye anapohesabu watu walio karibu, kuna wale ambao hawaingizi katika hesabu.

Sisemi haya ili kumshutumu aliyekwisha tangulia. Mwanamke huyuhuyu aliwapokea mabinti wawili wa wawinda manyoya ambao mama zao walikuwa wenyeji, na mwaka 1844 akapokea watoto saba wa familia moja ya Sager, waliofiwa na baba na kisha mama wakiwa njiani kuelekea Oregon. Alijaza nyumba yake yatima. Na msafara ulioleta yatima hao ulikuwa sehemu ya wimbi la wahamiaji lililoongezeka kila mwaka, ambalo mwaka 1847 lilikuja na surua. Watoto wa Kizungu wengi walipona. Watu wa Cayuse, ambao miili yao haikuwahi kukutana na ugonjwa huo, walikufa kwa wingi wa kutisha, karibu nusu yao, na wengi walikuwa watoto. Katika desturi yao tabibu aliyefiwa na wagonjwa angeweza kulipa kwa uhai wake. Tarehe 29 Novemba 1847 Marcus na Narcissa waliuawa pamoja na wengine, na mwaka 1850 wanaume watano wa Cayuse, Tiloukaikt akiwa mmoja wao, wakanyongwa. Nimewahi kusikia mahubiri yanayosimulia kifo cha Narcissa bila kutaja hata kaburi moja la mtoto wa Cayuse. Mama wa Waiilatpu waliolia mwaka huo walikuwa wengi, na Mungu aliwasikia wote.

Baada ya vifo hivyo wahamiaji waliendelea kumiminika, na mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria iliyompa mtu ekari 160 za ardhi ya serikali, iliyochukuliwa kutoka kwa wenyeji, kwa sharti kwamba aishi juu yake na kuilima miaka mitano. Mjane au mwanamke asiyeolewa aliweza kuomba kwa jina lake mwenyewe. Lakini tazameni sharti lile la kuishi juu ya ardhi yenyewe: lilimfanya kila mtu ajenge katikati ya ekari zake, si kijijini, hata nyumba ya jirani ikawa moshi tu upeoni. Katika nyanda za Kansas na Nebraska, ambako miti ni adimu, walijenga kwa mapande ya udongo wenye nyasi, au walichimba ubavuni mwa kilima na kuezeka juu. Mvua ilipita darini, na nyoka vilevile. Kuni zilikuwa kinyesi kikavu cha nyati na ng'ombe, au nyasi zilizosokotwa. Mume akisafiri kutafuta kibarua au mbegu, mke alibaki na watoto na upepo usiokoma. Katika Mwanzo Bwana alisema si vema mtu awe peke yake, na sheria hiyo, pamoja na mema yake, ilipanga kinyume chake.

Ndiko alikofika mwanamke wetu wa pili, Willianna Hickman, mwaka 1878. Alitoka Kentucky pamoja na mumewe, mchungaji Daniel Hickman wa kanisa la Baptisti, na watoto wao, wakiwa miongoni mwa Waamerika Weusi waliokwenda Kansas miaka michache tu baada ya utumwa kukomeshwa, wakielekea makazi yaitwayo Nicodemus, yaliyoanzishwa mwaka 1877. Waliposhuka kwenye treni huko Ellis, surua iliwazuka watoto wa msafara, ikawabidi wakae kwenye mahema. Kisha wakasafiri kwa magari ya kukokotwa kupita nyika isiyo na barabara, wakifuata dira. Willianna mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus imeonekana, alifurahi, akatazama kwa nguvu zote za macho yake, asione kitu. Akauliza iko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini: watu walikuwa wakiishi ndani ya mashimo. Willianna amesimulia mwenyewe kwamba mandhari ile haikumvutia hata kidogo, na kwamba alianza kulia.

Ninampenda kwa kukiri hilo. Alikuwa mke wa mchungaji, mbele ya msafara mzima, na hakujaribu kuyapaka machozi yake rangi ya imani.

Tena mashimo yale hayakuwa mwisho wa safari. Shamba lao lilikuwa maili 14 zaidi upande wa magharibi, na mchungaji mwenzao aliwapeleka kwa gari lake, bila barabara, kwa dira tena. Usiku uliingia. Willianna alikuwa amelala ndani ya gari pamoja na watoto, akaamshwa na sauti ya pembe zilizokuwa zikipulizwa na wasafiri wenzake. Walipuliza kwenye giza, wakingoja. Kutoka mbali pembe nyingine zikajibu, zikafuatiwa na milio ya bunduki. Alikuwa kaka yake pamoja na rafiki mmoja, waliotangulia kuja kuwatunzia makao. Gari likaelekezwa upande ule wa milio, likapanda kilima, na walipofika juu wakaona moto, ambao wale wawili walikuwa wameuwasha ili kuwaonyesha njia.